Siku mbili na Boxer ya kukodi: Kigamboni mpaka misitu ya Pugu

Pikipiki nimeizoea kwa kazi moja tu: kuwahi. Foleni imeshika Mwenge, kikao saa tatu, unampungia boda mkono unamwambia "niwahishe". Hata leseni daraja A niliikata kwa sababu hiyo hiyo. Mwezi wa saba mwaka huu ndipo nilipokodi Boxer 150 kwa siku mbili bila kuwa na pa kuwahi, mdogo wangu wa kike akiwa nyuma. Siku ya kwanza Kigamboni hadi Kimbiji, siku ya pili Pugu na Kisarawe. Watu wanne wameniuliza ilikuwaje, kwa hiyo naandika yote, mazuri na yale yaliyoniudhi.

Niliikodi kwenye kiduka kimoja upande wa Kinondoni. Shilingi 50,000 kwa siku, mafuta juu yangu, na wanabaki na kopi ya kitambulisho na leseni. Kijana aliyenipokea alichungulia nyuma yangu. "Dada, dereva yuko njiani?" Nikamwambia dereva ndiye mimi. Akanikabidhi ufunguo na hakurudia swali, na hilo nampa alama zake. Alinionyesha kadi ya pikipiki na bima, akawasha tusikilize injini, akabonyeza taa zote moja moja. Cheni hakuigusa, na mimi sikuiangalia. Kumbukeni hapo.

Helmeti yangu ilikuwa nzima. Ya abiria ilikuwa imekatika kamba ya kidevuni. Helmeti isiyofungwa ni kofia ya kujikinga jua tu, ukianguka inatangulia yenyewe. Nikakataa kuondoka mpaka walipokwenda kuazima nyingine kwa jirani, na tukapoteza karibu saa nzima. Sitawasamehe hilo kirahisi, maana aliyekuwa akae nyuma ni mdogo wangu.

Kwa nini Boxer, wakati walikuwa na pikipiki kubwa za kuvutia macho? Kwa sababu kiti chake ni kirefu, miguu inafika chini, na hakuna kijiji utakachofika ukakosa spea au fundi anayeijua. Injini yake ni cc 144.8. Watu wawili na begi moja, kwa mwendo wa 40 hadi 50, haihemi. Na 50 ndiyo spidi inayoruhusiwa kwenye makazi ya watu, kwa hiyo hata trafiki tuliwapita kwa amani.

Tulivuka kwa pantoni. Daraja lipo, lakini asubuhi ya safari ya mapumziko nawaomba mpite Feri. Unazima pikipiki, unasimama kando yake katikati ya baiskeli na ndoo za samaki, unaangalia nyuma: mnara wa kanisa la Azania Front unapungua taratibu, na upepo wa bahari unakukuta kabla hujafika ng'ambo. Ni dakika chache tu, ila kichwa kinakuwa kimeshaondoka mjini.

Kutoka Mjimwema kwenda kusini ndipo safari yenyewe ilipoanza. Minazi, mikorosho, tena minazi, na kila baada ya muda kijia cha mchanga kinachokatisha kushoto kwenda baharini. Julai ni kusi, inavuma usoni kwako njia nzima. Mdogo wangu aliinamisha kichwa nyuma ya mgongo wangu, tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Tulipofika Gezaulole nikamweleza kwamba jina hilo ni Kizaramo, "jaribu uone", na kwamba hapa palikuwa kijiji cha ujamaa miaka ya 1970. Akaniuliza, je, walijaribu wakaona? Nikamwambia tuteremke tuwaulize wazee. Hatukufika kwa wazee, maana pikipiki ilianza kulia.

Kila nikibadilisha gia, kra! Nikaegesha chini ya mwembe, nikaibonyeza cheni kwa kidole. Ilikuwa inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mbele kidogo palikuwa na kijiwe cha boda na mzee mmoja mwenye sanduku la spana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii umekodi, eh?" Alijua kwa kuiangalia tu.

Nilichuchumaa nikamtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, na nataka kila anayekodi ajue alichokifanya. Alilegeza nati ya ekseli ya nyuma, hakuifungua yote. Kisha akaanza kukaza zile bolti mbili ndogo za kuvutia gurudumu, robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia, akihesabu kwa sauti. Kila upande una alama zilizochongwa kwenye chuma, naye alikuwa anahakikisha zinalingana, maana upande mmoja ukitangulia gurudumu linakwenda upande na tairi inaliwa. Alipomaliza hakukaza nati. Alimwambia mdogo wangu akae kwenye kiti, akapima tena. "Cheni inakaza ukiipa mzigo. Ukiikaza bila mtu, mkipanda wawili inakatika." Akaacha icheze kama upana wa vidole viwili, akazungusha gurudumu, akapima sehemu nyingine, ndipo akakaza nati na kupaka oili kwa kitambaa. Shilingi 3,000. Nilimpa 5,000, akataka kurudisha chenji, nikakataa.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hela ya kukodi, bonyeza cheni. Ni sekunde tano.

Baada ya pale pikipiki ilikuwa kimya kama imezaliwa upya, na Kimbiji tukafika maji yakiwa yamekupwa. Bahari ilikuwa imerudi mbali kabisa, imeacha mitumbwi imelala ubavu, na kina mama wameinama kwenye miamba wakiokota. Tukala samaki wa kukaanga na muhogo. Kuhusu njia za mchanga za kuingia ufukweni: gia ya pili, mikono ilegee, na breki ya mbele usiishike kabisa. Pakizidi, abiria ateremke atembee. Mdogo wangu alitembea mara tatu na hakununa.

Jioni tulirudi kwa Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Unalipa tozo, unapanda, na kulia kwako mlango wa bandari wote umetandazwa na meli zake. Kusi sasa ilikuwa inatusukuma mgongoni.

Siku ya pili tuliondoka saa kumi na mbili kasoro. Barabara ya Nyerere kuanzia Tazara mpaka Gongo la Mboto haina raha yoyote, ni daladala na malori, ipite mapema. Ukishafika Pugu ardhi inaanza kupanda. Nilipunguza mwendo kuelekea shule ya sekondari ya Pugu, alikokuwa akifundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili ashike siasa. Baba yetu alikuwa mwalimu, na sisi wawili tulikaa kimya kidogo pale.

Halafu msitu. Baada ya vumbi na honi za Gongo la Mboto sikutegemea kwamba baridi ya miti inaweza kukupiga shingoni hivyo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeungana, na barabara ya kwenda Kisarawe inajikunja kati ya vilima. Nilishusha mwendo hadi 30. Mdogo wangu akafungua kioo cha helmeti ili anuse majani yaliyolowa. Tukalipa kiingilio, tukaacha pikipiki kwa walinzi, tukaenda kwa miguu mpaka kwenye mapango. Yalichimbwa na waliokuwa wakitafuta kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Sasa wenyeji wake ni popo. Unasimama mlangoni unawasikia kabla hujawaona.

Kwa siku mbili zote tulitumia chini ya lita tano za mafuta. Viuno vilichoka siku ya pili mchana, basi simameni kila baada ya saa moja. Safari ya usiku siishauri, taa ya mbele inaonyesha karibu mno na ng'ombe wa Kimbiji hawana taa kabisa.

Nilipoirudisha, nilimweleza kijana wa duka habari ya cheni na helmeti, tena mbele ya mteja mwingine. Akaomba radhi na kunipunguzia shilingi 10,000. Nimeshaiwekea oda ya wikiendi moja ya Agosti. Helmeti ya abiria nimenunua yangu.