Rasimu za Wilfred Owen mtandaoni: tathmini ya mwalimu mmoja wa fasihi

Kwa miaka sita nimewafundisha wanafunzi wa sekondari jijini Nairobi soneti ya Wilfred Owen, mshairi na askari Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, “Anthem for Doomed Youth”, ambayo darasani tunaiita Wimbo wa Vijana Walioandikiwa Kifo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilitegemea mwongozo mwembamba nilioununua kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, hadi mwaka jana nilipoanza kutumia Hifadhi ya Kidijitali ya Ushairi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo ni kazi ya Chuo Kikuu cha Oxford na inapatikana kwenye intaneti bila malipo. Naandika tathmini hii kwa sababu mwongozo ulinitosha kusema kwamba shairi hili linapinga vita, ilhali hifadhi imeniwezesha kuonyesha linavyopinga.

Mwongozo wangu haukukosea katika hesabu. Ulieleza sawasawa kwamba soneti ina mistari 14, kwamba minane ya kwanza imejaa makelele ya uwanja wa vita na sita ya mwisho inarudi nyumbani Uingereza, na kwamba mpangilio wa vina unachanganya soneti ya Kiingereza na ile ya Kiitalia. Lakini ulipofika mstari wa mwisho, ambapo kila machweo ya polepole ni kuteremshwa kwa mapazia, uliandika kwamba watu wanafunga madirisha kwa kuwa usiku umeingia. Nilifundisha hivyo, na wanafunzi wangu wakajibu hivyo kwenye mtihani, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Katika Uingereza ya wakati ule nyumba iliyofiwa iliteremsha mapazia yake, na mpita njia akajua kuwa pale pana msiba, kama sisi tunavyojua tunapoona turubai limefungwa na viti vimepangwa uani. Mshairi anasema kwamba waliokufa ni wengi mno, hata jua linapotua kila siku, nchi nzima huwa imekaa matanga.

Hifadhi ya Oxford ilifunguliwa mwaka 2008, na ndani yake mna pia maandishi ya Isaac Rosenberg, Robert Graves, Edward Thomas na Vera Brittain. Thamani yake kwangu ni picha za karatasi zenyewe. Owen aliiandika soneti hii mwaka 1917 akiwa mgonjwa katika hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh, akitibiwa mshtuko wa akili alioupata vitani Ufaransa. Hospitalini humo alikutana na Siegfried Sassoon, ofisa na mshairi aliyemzidi umri na sifa, naye akaisoma na kuitia mkono wake. Kichwa cha awali kiliwataja vijana waliokufa, na Sassoon ndiye aliyependekeza neno lenye maana ya walioandikiwa kifo. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Aliyekufa amekwisha kupita, bali aliyeandikiwa kifo bado anatembea, anavuta sigara, anaandika barua kwa mama yake, na kuna watu walioketi mahali wakamwandikia.

Mabadiliko ya mistari ya kwanza yanafundisha zaidi. Katika rasimu moja vijana wanakufa upesi, na kinachowalilia ni hasira ya mizinga yetu, yaani ya Waingereza, hasira iliyopewa sifa ya utulivu kama wa ibada. Katika shairi lililokamilika wanakufa kama ng’ombe, hasira imekuwa ya zimwi, na mizinga haina mwenyewe. Kimilikishi kimoja kimefutwa, na mizinga ya pande zote mbili sasa inanguruma kwa sauti ileile juu ya vijana walewale. Kuhusu ng’ombe, mwanafunzi mmoja anayetoka Kajiado alikataa kabisa ulinganisho huo, akisema kwamba kwao ng’ombe hachinjwi ovyo na kila mmoja hujulikana kwa rangi na ukoo wake. Alinisaidia bila kujua, kwani ilibidi nieleze kwamba ng’ombe wa Owen ni wa machinjioni, wale wanaoswagwa kwa wingi na ambao hakuna anayewajua mmoja mmoja.

Baada ya hapo, mistari minane ya kwanza hujifungua yenyewe. Mazishi ya Kikristo yanahitaji kengele, sala na kwaya, na kila kimoja kinajibiwa na silaha: mizinga badala ya kengele, bunduki zenye kigugumizi badala ya sala, vilio vya makombora yaliyorukwa na akili badala ya kwaya. Mstari wa bunduki lazima usomwe kwa sauti, kwa maana konsonanti zake zinagongana mdomoni kama risasi, na msomaji aliyezoea tanakali za sauti huuelewa kabla hata ya kuufasiri.

Nina mambo mawili ya kuwatahadharisha wenzangu. Karatasi zimejaa mikato na mwandiko wa haraka, kwa hiyo mwanafunzi anayejisomea peke yake kwenye simu ndogo atachoka mapema. Tena kila kitu kimo kwa Kiingereza, na mwalimu anayetafsiri anabaki na kazi yake. Mwongozo wangu uliita sanda kile ambacho weupe wa nyuso za wasichana utakuwa kwa wafu. Sanda huvishwa maiti, lakini Owen anazungumzia kitambaa kinachotandazwa juu ya jeneza, na vijana hawa hata jeneza hawana.

Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 kwenye mfereji wa Sambre-Oise, karibu na Ors nchini Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 25. Telegramu iliwafikia wazazi wake mjini Shrewsbury tarehe 11 Novemba, siku vita vilipokoma, huku kengele za makanisa zikishangilia. Siku niliyowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, darasa lilinyamaza muda mrefu.

Shule yetu haiko mbali na Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) wa vita hivyohivyo, ambao makumi ya maelfu yao walikufa Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi. Niliwaomba wanafunzi wauandike upya kwa Kiswahili mstari wa kwanza, unaouliza ni kengele gani zitawalilia wanaokufa kama ng’ombe, kwa ajili ya wapagazi hao. Wengi waliandika kengele. Mmoja hakuweza kuamua kama angeandika kengele au adhana, akaniletea mstari wenye nafasi tupu katikati.