Nyaya za plagi kwa trekta la zamani: zipi zinunuliwe kwanza

Kabla ya kuingia katika duka lolote la spea mjini Mwanza, funua boneti ya trekta lako uhakikishe kwamba kweli lina plagi za cheche, kwa kuwa matrekta mengi yanayolima mashamba ya pamba na mpunga ya Magu, Misungwi na Kwimba ni ya dizeli, ambayo huwasha mafuta kwa joto la mgandamizo wala hayahitaji cheche. Mwongozo huu unamhusu mwenye trekta la petroli, mfano Ferguson TE20 la petroli, aina iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956.

Nafasi ya kwanza ninaupa waya wenye kiini cha nyuzi za shaba na unene wa milimita 7, unaouzwa kwa mita na kukatwa kwa kipimo cha injini. Shaba karibu haipunguzi umeme njiani, jambo ambalo ni kubwa kwa magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche bila betri) iliyochoka au koili ya volti 6, yaani kifaa kinachopandisha volti ya betri, hasa injini inapozungushwa kwa hendeli na cheche yenyewe ni dhaifu. Isitoshe, kepu za distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) za kampuni ya Lucas za wakati ule mara nyingi hushika waya kwa skrubu yenye ncha inayochoma mpira hadi ndani. Skrubu hiyo hukamata vizuri nyuzi za shaba, lakini kiini cha kaboni hukikosa au hukikata. Dosari ya shaba ni kukwaruzisha redio iliyo karibu, ingawa sijamwona dereva wa trekta kuukuu anayeweza kusikia redio.

Kwangu mimi, mpira wa nje una umuhimu sawa na shaba, na kwa sisi wa kando ya ziwa pengine unaizidi. Umande wa alfajiri huingia katika nyufa za mpira uliozeeka, umeme ukavujia kwenye bodi ya injini, na trekta lililowaka vizuri jana mchana likakataa asubuhi au likawa linamisi hadi jua lilikaushe. Mpira wa silikoni huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo unafaa pale waya unapopita karibu na ekzosi, ila huchanika upesi ukikwaruzwa. Kwa trekta linalopita vichakani ningechagua EPDM, aina ya mpira wa sintetiki ambao ni mgumu zaidi. Muombe muuzaji kipande kidogo ukiguse kwa moto wa kiberiti: plastiki ya PVC itayeyuka, silikoni itaacha majivu meupe. Kisha kwaruza kiini kwa kisu, kwani shaba iliyopakwa bati huonekana nyeupe juu lakini ndani ni nyekundu, ilhali alumini iliyopakwa shaba hufanya kinyume chake.

Seti iliyokwisha kutengenezwa kwa modeli yako ninaiweka ya pili. Inaokoa muda wa fundi, lakini kagua kama urefu unafika na kama vichwa vyake vinaingia katika kepu uliyonayo, maana matrekta haya yamebadilishwa distribyuta mara nyingi. Nyaya zenye kiini cha waya mwembamba uliosokotwa kama springi ni za tatu: ni nzuri, ila bei yake ni hasara tupu kwa injini ya polepole.

Za mwisho ni nyaya za kaboni za magari madogo, ambazo ukinzani wake hufikia maelfu ya omu kwa kila mita. Waya wa umeme wa nyumba usiununue kabisa. Mpira wake umetengenezwa kwa mamia ya volti, na koili hutoa zaidi ya 10,000.

Unapofunga, badilisha waya mmoja mmoja ili usipoteze mpangilio wa zamu za silinda kuwaka, ambao kwa TE20 ni 1-3-4-2, kisha washa injini usiku gizani: palipovuja utapaona pakimetameta.