Kiraka cha Kubandika kwenye Siti ya Pikipiki: Kinafaa au Unatupa Hela?

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani nina siti ya Boxer iliyochanika hapa katikati, pale anapoishia dereva na kuanzia abiria. Mkononi nina hiki mnachoniuliza sana: kiraka cha kubandika cha leza, yaani ngozi bandia kama ya kava ya siti. Kinauzwa kwa roli, mgongoni kina gundi yake. Unakata, unabandua karatasi, unabandika. Wauzaji wanasema dakika chache tu siti imekuwa mpya. Haya, tuone.

Sogeeni muangalie huu mchaniko. Mnaona kingo zilivyokunjuka juu? Nikizibinya na kidole, mnasikia huo mlio? Leza imekauka. Kava nyingi za siti ni plastiki ya PVC, na ulaini wake unatokana na viungo maalumu vinavyochanganywa humo kiwandani. Pikipiki ikishinda kijiweni juani, vile viungo vinapotea taratibu, kava inakuwa ngumu, halafu inaanza kupasuka kwenye kona na kwenye mshono, kwa sababu pale sindano imeshaitoboa. Sasa hapa hata ubandike kiraka cha dhahabu, gundi itashika, ila wiki zijazo siti itafunguka pembeni ya kiraka.

Hii nyingine ni hadithi tofauti. Ni ya bodaboda mmoja wa hapa mtaani, alibeba nondo zikamchana siti. Kava bado laini, naikunja hivi haitoi ufa. Hii ndiyo kazi ya kiraka, na nimeshambandikia. Kimepigwa jua, kimenyeshewa, abiria wanapanda na kushuka, bado kipo. Lakini angalieni hapa ukingoni: gundi imetoka kidogo kwa joto, ikakamata vumbi, imeacha mstari wa uchafu kuzunguka kiraka chote. Na weusi wake unang'aa tofauti na weusi wa siti. Kwa anayejali muonekano, ajue hilo mapema.

Ila kilichofanya kishike si kiraka peke yake, ni maandalizi, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Bonyezeni sponji kwa kiganja. Maji yakitoka, acheni kila kitu. Mkifunika sponji lenye maji, mnayafungia humo: litanuka, litaoza, na abiria atashuka na suruali imelowa kila akikaa. Kamueni, anikeni siti mpaka ikauke hasa.

Ikikauka, osha kava kwa sabuni, kisha futa kwa spiriti. Msiruke spiriti. Yale mafuta ya kung'arishia tairi na siti mengi yana silikoni, na juu ya silikoni gundi haikai, hata iwe ya bei gani.

Halafu kabla ya kiraka cha juu, weka cha chini. Kata kipande cha jinzi kikubwa kuliko mchaniko, kipenyeze chini ya kava, ukibandike kwa gundi ya viatu. Paka kwenye jinzi na upande wa chini wa kava, subiri mpaka ukigusa haikung'ang'anii kidole, ndipo ukandamize. Kitambaa ndicho kitakachobeba uzito wa mtu, kiraka cha juu kinabaki kuzuia maji tu. Na tafadhali msitumie supaglu. Inakauka ngumu kama kioo, siti ikibonyea inakatika, na ukingo wake unachana nguo.

Kiraka chenyewe kikate kwa mviringo. Kikiwa na pembe, kila abiria anayeteleza kushuka anaibandua kidogo kidogo. Ukimaliza, kandamiza kuanzia katikati kwenda nje, uiache usiku mzima kabla ya kuikalia.

Kwa hiyo alama zangu: kwa tundu dogo, sehemu tambarare, kava bado laini, saba kwa kumi. Kwenye mshono, mbili. Kwa kava iliyokauka, sifuri, nenda kwa fundi siti.

Na ukienda kwa fundi, usikae kwenye benchi unachati. Akishang'oa pini na kuvua kava ya zamani, muombe atandike nailoni juu ya sponji kabla ya kuvuta leza mpya, maana mishono inapitisha maji. Kama sponji halijabonyea, asikubadilishie bila sababu. Angalia pini anazopiga kwenye kitako cha plastiki: ziwe fupi, zisizo na kutu. Halafu kabla ya kulipa pitisha mkono kwenye kona zote. Ukikuta mikunjo, kava haijavutwa vizuri, mwambie aifungue airudie hapo hapo.

Hii ya Boxer naipeleka kwa fundi jioni. Kama una siti yenye mchaniko wa mshono na bado unashawishika kununua roli, piga picha unitumie kwanza, nikuambie kabla hujatoa hela.