Sanduku la Majaribio ya Kemia kwa Kidato cha Kwanza: Tathmini ya Mwalimu

Sanduku hili tulilinunua katika duka la vitabu mjini Kampala kwa ajili ya darasa la jioni la kidato cha kwanza na cha pili, ambalo wanafunzi wake wengi ni watoto wa familia za Kikongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Ndani yake mna tepe za magnesiamu, mrututu (yaani salfeti ya shaba, ya rangi ya buluu), misumari, siki, soda ya kuokea, na kadi za majina ya kemikali zilizochapwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza, lugha ya mtihani, upande wa pili.

Ubora wake mkubwa ni kwamba mwongozo haumruhusu mwanafunzi kugusa kadi kabla hajauona mmenyuko wenyewe, na hilo linakubaliana na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, unaotaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Utepe wa magnesiamu hushikwa kwa koleo na kuwashwa. Huwaka kwa mwanga mweupe mkali (mwalimu asimruhusu yeyote kuukodolea macho), kisha hubaki unga mweupe usiofanana hata kidogo na metali ya awali. Hapo ndipo kadi zinapopangwa kuwa mlinganyo wa maneno: magnesiamu + oksijeni → oksidi ya magnesiamu. Wanafunzi huisahau oksijeni kwa kuwa haionekani, na mwongozo unalirekebisha kosa hilo kwa subira, ukieleza kuwa gramu 24 za magnesiamu huungana na gramu 16 za oksijeni kutoa gramu 40 za oksidi. Laiti sanduku lingekuwa na mizani ndogo, ongezeko hilo lingepimwa badala ya kusimuliwa.

Kadi ya joto imepewa rangi ileile ya kadi za kemikali, ndiyo maana wengine huipanga miongoni mwa mazao, yaani vitu vinavyotokana na mmenyuko, ilhali mlinganyo wa maneno hutaja vitu tu.

Kasoro nzito ni misumari. Mwongozo unasema chuma kikitumbukizwa katika maji ya mrututu, rangi ya buluu hufifia na msumari hufunikwa na shaba nyekundu: chuma + salfeti ya shaba → salfeti ya chuma + shaba. Lakini misumari iliyotiwa sandukuni imepakwa zinki, kwa hiyo kinachotangulia kumenyuka ni zinki, na mtoto anaandika mlinganyo wa jambo ambalo halikutokea mbele yake. Kwa chombo kilichokusudiwa kumzoeza kuandika alichokiona, hilo si dogo. Tulinunua misumari isiyopakwa kitu, tukaisugua kwa msasa, na shaba ikajitokeza vizuri.

Nalipendekeza sanduku hili kwa shule yoyote isiyo na maabara, mradi mwalimu abadilishe misumari na kuufungia mrututu kabatini, kwani ni sumu ukimezwa.