Mfululizo Upi Ununue Kwanza? Fantasia na Riwaya za Kisayansi, Kuanzia wa Kuchukua Leo Hadi wa Kusubiri

Anayenunua riwaya moja akakosea, amepoteza jioni chache. Anayenunua mfululizo wa majuzuu kumi na manne amejifunga kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wa "anza na wowote, yote ni mizuri" haumsaidii mtu. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: ukisoma juzuu la kwanza peke yake kisha ukaamua basi, utakuwa umepata hadithi iliyotimia, au umebaki na nusu ya hadithi mkononi? Umaarufu na tuzo vinafuata baadaye.

Kigezo hicho kinazaa sheria moja ya manunuzi. Usichukue seti nzima ya boksi kabla hujamaliza juzuu la kwanza, hata kama bei ya kila kitabu inashuka ukinunua yote kwa pamoja. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi wenyewe watano.

1. Earthsea, Ursula K. Le Guin

Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968, na ni kitabu chembamba. Katika sura ya kwanza, wavamizi wenye silaha wanapanda mlima kukifuata kijiji ambacho wanaume wake ni wachache. Kijana mchunga mbuzi, aliyeokota maneno machache ya uchawi kwa shangazi yake, anayaunga pamoja na kuita ukungu. Ukungu unafunika njia, wavamizi wanapotezana, kijiji kinapona. Lakini mvulana mwenyewe anabaki kama gogo: haongei, hali, halali, mpaka mzee mmoja mwenye elimu aje kumrudisha. Kurasa chache tu, na umeshaelewa kwamba katika visiwa hivi vya Earthsea uwezo hautumiki bure. Kinachofuata ni kisa cha kijana huyo kufanya jambo baya kwa kiburi cha ujana na kulazimika kulifuata hadi mwisho wa bahari. Kinaanza, kinakwisha, hakikudai chochote.

Ukiendelea, kila kitabu kinabadili sauti. The Tombs of Atuan (1971) kinahamia kwa msichana aliyelelewa awe kuhani wa makaburi yenye giza chini ya ardhi. Cha tatu kilifuata 1972, halafu mwandishi akanyamaza miaka mingi. Aliporudi mwaka 1990 na Tehanu, alianza kuihoji dunia aliyoijenga mwenyewe: kwa nini wachawi wakubwa wote ni wanaume, nani anapika, nani anaumizwa majumbani wakati mashujaa wako safarini. Wapo wasomaji waliokasirika. Mimi naona hapo ndipo mfululizo unapofikia kilele, ingawa sikushauri uanzie hapo.

Jambo jingine: watu wengi wa visiwa hivi, shujaa akiwa mmojawapo, wana ngozi ya kahawia au nyeusi. Kwa miaka mingi majalada yaliwachora weupe, na Le Guin mwenyewe alilalamika waziwazi. Jalada lisikudanganye. Lipo pia toleo la 2018 lenye vitabu vyote sita ndani ya juzuu moja, likiwa na michoro ya Charles Vess. Ni zuri sana, ila ni zito. La kusomea mezani, si kitandani.

2. The Broken Earth, N. K. Jemisin

Majuzuu matatu, 2015 hadi 2017, na kila moja lilishinda Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na riwaya za kisayansi, kama riwaya bora, miaka mitatu mfululizo. Hakuna mwandishi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

The Fifth Season inaanza na bara kupasuliwa katikati, kisha inageuka ghafla kukuonyesha mama mmoja aliyerudi nyumbani na kukuta mtoto wake mdogo ameuawa na baba yake. Kosa la mtoto ni kuzaliwa na uwezo wa kuamsha na kutuliza matetemeko ya ardhi. Mama huyo hasimuliwi kama "yeye". Anaambiwa "wewe": wewe umekaa sakafuni, wewe huamki. Kurasa za mwanzo utasumbuka, utajiuliza nani anazungumza na kwa nini. Vumilia, kwani jibu lipo na ni zito. Nyuzi tatu zinazoonekana kutohusiana zinakutana kabla kitabu hakijaisha. Mstari wa mwisho, hata hivyo, unafungua mlango mwingine kabisa, na hilo ndilo limeinyima namba moja. Wachache sana wanaweza kuishia hapo.

Kama unatafuta kitabu cha kukuliwaza, ruka. Humu kuna watoto wanaoteswa, na mwandishi hapepesi macho.

3. Dune, Frank Herbert

Hapa ushauri wangu ni mkali: nunua cha kwanza, kile cha 1965, ukipenda ongeza cha pili, kisha simama utafakari.

Dune kilikataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini kabla ya kuchukuliwa na Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Ukikifungua unaelewa walichoogopa. Unatupwa katikati ya siasa za koo, dini na ikolojia ya sayari ya jangwa, na maneno mengi hayaelezwi hadi uende kwenye faharasa iliyo nyuma. Lakini onyesho la mwanzo linakukamata. Kijana wa miaka kumi na mitano anaambiwa aingize mkono ndani ya boksi, na mwanamke mzee anamshikia shingoni sindano yenye sumu. Ndani ya boksi kuna maumivu tu. Akiutoa mkono, anakufa. Kila kinachofuata kitabuni, kuanzia kujizuia hadi hesabu ya hatari na mashaka juu ya anayejiita mkombozi, tayari kipo katika onyesho hilo.

Dune Messiah (1969) ni kifupi, nacho kinambomoa shujaa uliyemshangilia. Ukikipenda, endelea; ukikichukia, acha hapo, huna deni. Herbert aliandika sita kabla ya kufariki mwaka 1986. Vingi vilivyoongezwa baada yake viliandikwa na mwanawe Brian Herbert pamoja na Kevin J. Anderson. Ukikuta rafu imejaa vitabu vya Dune, soma jina la mwandishi kwanza.

4. The Lord of the Rings, J. R. R. Tolkien

Kwa kigezo changu kilipaswa kuanguka zaidi, maana juzuu la kwanza linakatika njiani. Tatizo ni kwamba huu si mfululizo. Ni riwaya moja ambayo mchapishaji aliigawa mara tatu kati ya 1954 na 1955, wakati karatasi ilikuwa ghali na hakuna aliyejua kama ingeuzika. Basi inunue kama riwaya moja: ama toleo la juzuu moja, ama yote matatu kwa pamoja. Hapa tu ndipo naivunja sheria ya boksi.

Mwanzo ni wa polepole. Kati ya sherehe ya siku ya kuzaliwa ya sura ya kwanza na siku shujaa wake, Frodo, anapofunga safari hupita miaka kumi na saba, na ukiwa na haraka utaihisi yote. Anayetaka kujipima aanze na The Hobbit ya 1937, ambayo ni nyepesi na inajitegemea.

5. The Expanse, James S. A. Corey

Jina hilo moja lina watu wawili nyuma yake, Daniel Abraham na Ty Franck. Majuzuu tisa, 2011 hadi 2021, na yamekwisha. Leviathan Wakes inafunga kesi yake yenyewe: mpelelezi anamtafuta msichana aliyepotea, meli ya kusafirisha barafu inalipuliwa, na Dunia, Mars na watu wa ukanda wa asteroidi wanakaribia vita. Kilichonivutia ni jinsi fizikia inavyokaa mwilini. Waliokulia kwenye mvutano mdogo ni warefu na wembamba, na kusimama kwenye uzito wa Dunia ni mateso kwao, kwa hiyo siasa yao imeandikwa kwenye mifupa. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha wengine humu. Ukitaka riwaya ya kisayansi inayokimbia, chukua hii kabla ya Dune.

6. Mistborn, Brandon Sanderson

The Final Empire (2006): majivu yanaanguka kutoka angani, mtawala haonekani kufa, na genge la wezi linapanga kuipora dola nzima. Uchawi wake una kanuni kama za maabara. Mtu anameza chembe za metali na kuziunguza tumboni: chuma cha pua kinasukuma vitu vya metali, bati linanoa hisi. Sentensi ni za kawaida tu, usitarajie ushairi, lakini mambo yanalipa, na swali la kitabu cha kwanza linajibiwa humo humo. Kwa kijana anayeanza fantasia, huenda ndio ununuzi salama kuliko yote.

7. The Three-Body Problem, Liu Cixin

Uchina ya mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni: binti anatazama baba yake, profesa wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Toleo la Kiingereza linaanza hapo. Katika kitabu cha Kichina onyesho hilo lilifichwa katikati. Tafsiri ya Ken Liu ilitoka 2014, na mwaka uliofuata ikawa riwaya ya kwanza iliyotafsiriwa kushinda Hugo ya riwaya bora.

Wazo lake ni kubwa kuliko watu wake. Wahusika wengi wapo ili kubeba hoja, na asiyependa fizikia ataona kurasa nyingi ni darasa. Cha pili, The Dark Forest, ndicho chenye hoja ya kukukosesha usingizi, lakini huwezi kukirukia.

8. Farseer, Robin Hobb

Nimeuweka hapa kwa sababu ya urefu wa njia, si ubora. Mtoto wa nje wa mwanamfalme anafundishwa kuua kimya kimya kwa ajili ya ufalme usiomtaka. Assassin's Apprentice (1995) kinasimulia kwa nafsi ya kwanza, taratibu, na uhusiano wa kijana na mbwa wake utakuumiza kuliko vita vyote vilivyomo. Trilojia hii inafungua dunia ya vitabu kumi na sita vilivyokwisha mwaka 2017. Wanaoruka trilojia ya meli, Liveship Traders, ili kumfuata Fitz, kijana huyo, haraka hulipia baadaye.

Mirefu, na isiyokwisha

The Wheel of Time ina majuzuu kumi na manne, 1990 hadi 2013. Robert Jordan alifariki mwaka 2007, na Sanderson akayaandika matatu ya mwisho kwa maelezo aliyoyaacha. Katikati, hasa juzuu la kumi, mwendo unazama. Nunua moja moja.

Foundation ya Isaac Asimov ni mfupa wa riwaya za kisayansi, lakini wahusika wanabadilika kila vizazi vikipita na wengi wao wanakaa wakijadiliana tu. Soma kwa mpangilio wa kuchapishwa, kuanzia 1951. Prelude to Foundation ya 1988 inasimulia ya nyuma, lakini ukiianza hiyo umejiharibia.

A Song of Ice and Fire ilianza 1996, na juzuu la tano lilitoka 2011. Saba ndiyo yaliyokusudiwa. Ni kazi ya hali ya juu, na ninampa mtu ambaye kukosa mwisho hakumsumbui. The Kingkiller Chronicle inasubiri la tatu tangu 2011. The Stormlight Archive imefika la tano kati ya kumi yaliyopangwa, ila mwandishi wake, Sanderson yule yule wa Mistborn, angalau huleta.

Kabla hujalipa

Angalia kama toleo limekatwa. A Storm of Swords (la tatu la A Song of Ice and Fire) na The Way of Kings (la kwanza la Stormlight) zimeuzwa Uingereza kwa jalada laini zikiwa vipande viwili, na ni rahisi kununua cha pili ukidhani ni kitabu kinachofuata. Majina nayo hubadilika: Northern Lights ya Philip Pullman ndiyo hiyo hiyo The Golden Compass ya Marekani.

Kitabu cha kielektroniki kinafaa kwa Malazan, mfululizo mwingine mrefu wa fantasia, au Wheel of Time, ambazo zinavunja mkono, lakini ramani kwenye kioo kidogo hazisomeki. Kwa Earthsea na Tolkien, ambako utarudi kwenye ramani kila baada ya sura, chukua karatasi. Vya sauti vinafaa pale anaposimulia mtu mmoja, kama Farseer. The Fifth Season kwa sauti, mara ya kwanza, utapotea.