Samsung Galaxy XCover6 Pro na kisingizio cha maji

Mteja wa simu janja anapouliza kwa nini betri ya simu mpya imefungiwa ndani kwa gundi, mara nyingi hujibiwa kwamba simu inayofunguka mgongo haiwezi kuzuia maji. Galaxy XCover6 Pro, iliyotolewa na Samsung yenyewe mwaka 2022, inaivunja hoja hiyo. Mfuniko wake wa nyuma hufunguliwa kwa ukucha, betri ya mAh 4,050 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri kuhifadhi chaji) ikatolewa na nyingine ikawekwa bila bisibisi wala fundi, na bado simu hii ina kiwango cha IP68 cha kuzuia vumbi na maji. Sharti ni kuubana mfuniko pande zote mpaka ushike, na kuhakikisha kwamba hakuna mchanga wala unywele ulionasa pembeni.

Wala huu si ufundi mpya. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na betri ya kutoka pamoja na kiwango cha IP67. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy S6 yenye mgongo wa kioo na betri iliyofungiwa ndani, tena iliyopungua kutoka mAh 2,800 hadi 2,550, na kinga ya maji nayo ikaondolewa. Mnunuzi alinyang'anywa vyote viwili kwa mpigo, akaachiwa kioo cha kujitazamia.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kila betri ya lithiamu huchoka kadiri inavyochajiwa, na joto, ambalo sisi wa pwani hatuna haja ya kusimuliwa, huharakisha kuchoka huko. Simu iliyogundishwa ikifikia hapo, fundi hulazimika kuupasha moto mgongo wake ili gundi ilegee. Kioo kinaweza kupasuka, na hata kikisalimika, kinga ya maji huwa haina uhakika tena. Haishangazi kwamba wengi huamua kununua simu nyingine kabisa. Mwezi Februari 2020, Ufaransa iliitoza Apple faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja kwamba masasisho ya programu yangeweza kupunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa. Mwenye simu aliona imekuwa nzito, bila kujua kwamba dawa ilikuwa betri mpya tu.

Nikirudi kwenye XCover6 Pro, si simu ya kuringia. Ina unene wa milimita 9.9 na uzito wa gramu 235, hivyo mfuko wa shati utaulalamikia, na kamera yake kuu ya megapikseli 50 inatosha kwa matumizi ya kawaida bila kumvutia mpenzi wa picha. Kasi yake ya kuchaji, wati 15, ni ya kobe kwa viwango vya leo, ingawa mwenye betri ya pili mkobani hana sababu ya kuketi ukutani akisubiri chaji. Tundu la spika za masikioni na nafasi ya kadi ya kumbukumbu vimebakizwa, jambo ninalolipongeza.

Kasoro kubwa haimo kwenye betri. Samsung iliahidi miaka 5 ya masasisho ya usalama, ambayo kwa hesabu ya kawaida yanakoma mwaka 2027, na hakuna betri mpya itakayomsaidia mwenye simu ambayo programu za benki zimeikataa kwa kukosa masasisho. Uzee uliozuiwa mlango wa nyuma umeachiwa mlango wa mbele.

Kwa hiyo, kwa bei ya simu mpya, siishauri. Afadhali mnunuzi aitazame XCover7 Pro ya mwaka 2025, yenye betri ya kutoka vilevile. XCover6 Pro iliyotumika, kwa bei nafuu, inamfaa sana dereva, mjenzi au mtu wa shambani, mradi anunue na betri ya akiba ya kampuni yenyewe siku hiyohiyo, kwa kuwa za bandia ni nyingi sokoni na huvimba.