Blogger au WordPress kwa tovuti binafsi? Uzoefu wangu kwa watu wa Unguja na Pemba

Uwe mwalimu wa skuli Chake Chake unayeweka maelezo ya masomo au mtembeza wageni wa Mji Mkongwe, kabla ya kuchagua jukwaa la kujengea tovuti (Blogger au WordPress) nunua jina la tovuti, yaani anwani yake ya mtandaoni. Linaloishia na .me.tz limetengwa kwa ajili ya watu binafsi, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Hakikisha limeandikishwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi aliyekutengenezea, maana mkikosana jina huondoka naye. Jina likiwa mkononi mwako, jukwaa unaweza kulihama ukitaka na wasomaji watakufuata.

Nimetumia Blogger, WordPress.com (wao ndio wanaokuhifadhia tovuti) na WordPress ya kujiwekea mwenyewe kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, unayoikodi. Kwa anayeanza, nasema Blogger bila kusita. Google waliinunua mwaka 2003, haina ada, hulipii seva, na inapokea jina lako mwenyewe bure. WordPress.com kwenye akaunti ya bure haipokei jina lako, tena hubandika matangazo yake. Upungufu wa Blogger ni sura: templeti zake ni chache, na plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) hakuna.

Kuunganisha jina ndipo wengi wanapokwama. Kwenye mipangilio ya Blogger, sehemu ya uchapishaji, andika anwani yako ikiwa na www mbele. Utapewa rekodi mbili za CNAME, yaani maelekezo ya kulipeleka jina lako kwenye anwani nyingine. Moja inatoka www kwenda ghs.google.com, nyingine ni ya kuthibitisha umiliki, na kila mtu ana yake. Ziingize kwenye paneli (ukurasa wa kusimamia jina) ya yule aliyekuuzia jina. Angalia sana hapa: paneli nyingi huongeza jina lako zenyewe mwishoni, kwa hiyo kwenye nafasi ya kwanza andika www tu. Ukiandika anwani nzima, rekodi inakuwa www.jinalako.me.tz.jinalako.me.tz, na Blogger itakujibu kuwa haikuweza kuthibitisha.

Kisha futa rekodi ya A (inayolielekeza jina tupu, lisilo na www, kwenye namba ya seva) ya zamani inayoelekea kwa muuzaji, uweke nne hizi: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21. Rudi Blogger uwashe kuelekeza jina tupu kwenda www, la sivyo asiyeandika www hakufikii. Mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo usiwe unafuta na kuandika upya kila baada ya dakika kumi. Malizia kwa kuwasha HTTPS, njia salama ya kufungulia tovuti. Cheti chake cha usalama nacho hakitoki papo hapo, na onyo la usalama la mwanzoni huondoka lenyewe.

WordPress ya kujiwekea ina nguvu khasa: fomu za kuagizia, duka, kurasa za lugha mbili kwa wageni. Lakini kazi yake haishi. Unalipia seva kila mwaka, unasasisha plagini (ile iliyosahauliwa ndiyo mlango wa wadukuzi), na nakala rudufu ni juu yako. Picha nazo: ya simu yenye MB 4 ukiipakia na ikamfikia msomaji ilivyo, kumi tu ni MB 40 za bando lake. Ipunguze kwanza hadi upana wa pikseli 1200. Mara nyingi itashuka chini ya KB 300 na jicho halitaona tofauti.

Ukikusudia kuandika habari na matukio, waulize Tume ya Utangazaji Zanzibar na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kuhusu leseni kabla hujachapisha. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018.

Ukihama Blogger kwenda WordPress baadaye, pakua nakala ya blogu yako, uiingize kwa kifaa cha WordPress cha kupokea maandishi ya Blogger. Kwenye WordPress, viungo vya kudumu (mpangilio wa anwani za makala) vipange hivi: /%year%/%monthnum%/%postname%.html, ndio mtindo wa anwani za Blogger. Halafu fungua anwani za zamani moja moja, khasa za makala zenye vichwa virefu, kwani Blogger huvikata na WordPress inaweza kuviandika vizima. Isiyofunguka, irekebishe kwa mkono.